Hita ya mafuta: wati, chumba na soketi kabla ya bei

Kila Juni, kipupwe kinapoanza kuuma Njombe, Makete, Mufindi, Mbeya na Lushoto, na kwa majirani zetu wa Limuru, Nyeri, Nyahururu na Nairobi, maswali yaleyale hurudi madukani na kwenye makundi ya familia katika simu. Hita ya mafuta inatumia mafuta gani, na yanajazwa kila baada ya muda gani? Ni kweli inakula umeme kidogo kuliko hita za aina nyingine? Inamaliza hewa chumbani? Yenye mapezi kumi na moja ina joto kuliko yenye saba? Mara nyingi majibu hutoka kwa muuzaji anayetaka mzigo uishe, au kwa ndugu aliyeishi Ulaya, ambako nyumba hujengwa kwa namna iliyo tofauti kabisa na zetu. Matokeo yake ni kwamba wapo wanaotoa fedha nyingi kwa chombo kisichowafaa, na wapo wanaokiogopa chombo ambacho kingewafaa sana kuliko jiko la mkaa wanaloliingiza chumbani usiku.

Hita ya mafuta ni hita ya umeme. Ni mabamba membamba ya chuma yaliyosimamishwa kwa safu, ambayo wauzaji huyahesabu kama mapezi, yakiwa juu ya magurudumu madogo ili chombo kisukumwe kutoka chumba kimoja hadi kingine. Ndani ya mabamba hayo mna mafuta yaliyofungiwa kiwandani, na sehemu ya chini, katikati ya mafuta hayo, kuna koili ya umeme. Koili ikipata moto, mafuta yaliyo karibu nayo hupata joto, huwa mepesi na kupanda. Yaliyopoa hushuka kuchukua nafasi yake, na mzunguko huo huendelea hadi mabamba yote yapate joto na kuanza kupasha hewa inayoyagusa. Hakuna kinachochomwa. Mafuta hayo hayapungui, hayaongezwi wala hayabadilishwi kwa uhai wote wa chombo, kwa kuwa kazi yake ni kubeba joto kutoka kwenye koili na kulifikisha kwenye chuma. Anayekwambia kwamba kila msimu hita inatakiwa kuongezwa mafuta hajui anachokiuza.

Kinachoitofautisha na hita ya feni, au na ile yenye vijiti vinavyowaka wekundu, ni mwendo wake. Hita ya feni ikiwashwa, ndani ya dakika moja unahisi hewa ya moto, na ikizimwa, baridi inarudi palepale. Hita ya mafuta huanza taratibu, na inaweza kuchukua nusu saa kabla hujaona tofauti ya kweli chumbani, lakini ikizimwa huendelea kutoa joto kwa muda, kama chungu cha maharage kinachoendelea kutokota hata baada ya kuepuliwa. Haina kelele ya feni, haina mwanga unaosumbua macho ya anayelala, na ule mlio mdogo wa kugonga unaosikika inapopata moto au kupoa ni chuma kinachotanuka na kusinyaa, si dalili ya ubovu.

Tukishaelewa hilo, tunaweza kuligusa suala linalowachanganya watu kuliko yote, yaani umeme. Nguvu ya hita hupimwa kwa wati, na umeme tunaolipia hupimwa kwa uniti. Hita ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo kwa saa moja hutumia uniti moja. Ya wati 2,000 hutumia uniti mbili kwa muda huohuo. Karibu umeme wote unaoingia kwenye hita yoyote ya koili hugeuka kuwa joto, iwe ni ya feni, ya vijiti au ya mafuta, na kwa sababu hiyo hita ya mafuta ya wati 1,500 na hita ya feni ya wati 1,500 zikiwaka saa moja zitatoa joto sawa na kula umeme sawa. Mafuta hayaongezi joto. Imani kwamba yanapunguza matumizi imetokana na jambo ambalo watu huliona kwa macho bila kupewa maelezo yake: taa ya hita inazimika, mabamba yanabaki ya moto, na mtu anahisi kwamba anapata joto la bure. Joto hilo alikwishalilipia nusu saa ya kwanza, wakati mafuta yalipokuwa yakipashwa na chumba kikiwa bado baridi.

Unafuu wa kweli upo, lakini unatoka kwenye themostati, kile kifaa kinachokata umeme joto likitosha na kuurudisha likipungua. Tuchukue chumba cha kulala kinachopashwa na hita ya wati 1,500 kwa saa nne kila usiku, na tuseme chumba kimezibwa vizuri kiasi kwamba themostati huiacha hita iwake nusu tu ya muda huo. Hapo ni uniti tatu kwa usiku, ambazo ni 90 kwa mwezi. Chumba kikiwa kinavuja joto kiasi kwamba themostati haikati hata mara moja, ni uniti sita kwa usiku na 180 kwa mwezi, kwa hita ileile. Kwa Tanzania, kiwango cha kawaida cha majumbani cha Sh 292 kwa uniti hukaribia Sh 356 baada ya kuongezwa VAT na tozo, kwa hiyo nyumba ya kwanza italipa zaidi kidogo ya Sh 32,000 kwa mwezi na ya pili zaidi ya Sh 64,000. Kenya bei ya uniti hubadilika mwezi hadi mwezi kwa sababu ya gharama ya mafuta ya mitambo na thamani ya shilingi, lakini hesabu ni hiyohiyo: uniti kwanza, kisha zidisha kwa bei ya mwezi huo.

Wapo ambao hesabu hii inawagusa kwa uzito zaidi. Wateja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, walio katika kundi la D1, lile la uniti za bei nafuu kwa wanaotumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, wanapaswa kufahamu kwamba hita moja iliyotumiwa kwa kiasi nilichokieleza inatosha peke yake kuwavusha kikomo hicho, na mteja anayeendelea kuzidisha anaweza kuhamishiwa kiwango cha kawaida. Hapo gharama ya hita haiishii kwenye uniti zake, kwa sababu taa, redio na pasi navyo vitaanza kulipiwa kwa bei kubwa. Kwa familia ya namna hiyo, blanketi la umeme, ambalo kwa kawaida hutumia wati zisizofika hata 200, ni jambo la kufikiriwa kabla ya hita yoyote, kwa kuwa linampasha aliyelala bila kujaribu kupasha chumba kizima.

Mapezi sasa. Madukani utakuta hita za mapezi saba, tisa na kumi na moja, na kwa desturi za mapezi saba huwa na wati 1,500, za tisa 2,000 na za kumi na moja 2,500, ndiyo maana watu wamezoea kuamini kwamba pezi ndilo linalotoa joto. Linalotoa joto ni koili. Ukipata hita mbili zenye wati sawa, moja ya mapezi saba na nyingine tisa, zote zitapasha chumba sawasawa. Ile ya mapezi mengi itagawa joto hilo kwenye chuma kingi zaidi, hivyo uso wake hautakuwa mkali sana, jambo ambalo ni jema palipo na watoto. Soma wati kwenye kibandiko kilichobandikwa kwenye mwili wa hita, na si maandishi makubwa ya boksi.

Wati ngapi basi? Kanuni inayozunguka sana ni wati 100 kwa kila mita ya mraba ya sakafu, kwa hiyo chumba cha mita tatu kwa nne kingehitaji wati 1,200. Kanuni hiyo ilitoka nchi ambako nje kuna barafu lakini nyumba zimezibwa kila upande. Kwetu mambo yamegeuka: nje si baridi kiasi hicho, ila nyumba ziko wazi. Kuna matundu ya hewa juu ya madirisha, vioo vya luva visivyofunga vizuri, mlango ulioachana na sakafu kwa upana wa vidole viwili, na katika nyumba nyingi hakuna dari, ni bati tupu juu ya kenchi. Hewa ya moto hupanda. Katika chumba kisicho na dari inakwenda moja kwa moja kwenye bati, bati linalitoa joto hilo kwenye anga la usiku, na hewa iliyopoa inashuka kwenye mabega ya aliyekaa.

Napenda kusisitiza jambo hili kwa hesabu, kwa sababu ndilo linalosahaulika. Chumba hicho cha mita tatu kwa nne chenye kimo cha mita mbili na nusu kina mita za ujazo 30 za hewa. Kuipandisha hewa hiyo kwa nyuzi 10, tuseme kutoka 12 hadi 22, kunahitaji takriban sehemu moja ya kumi ya uniti ya umeme. Ni kidogo mno! Hita ya wati 1,500 ingeweza kuifanya kazi hiyo kwa dakika nne. Umeme wote unaobaki, hizo uniti tatu au sita za usiku, unakwenda kupasha kuta, sakafu na samani, na kufidia joto linalotorokea nje. Kwa maneno mengine, unaponunua hita ya wati 2,500 badala ya 1,500 kwa sababu chumba hakipati joto, huenda unalipia tundu la juu ya dirisha. Dari, hata ya mbao nyembamba, pazia zito linalofika chini, kitambaa kilichoviringishwa mlangoni na kadibodi kwenye sehemu kubwa ya matundu ya hewa huweza kubadilisha chumba kuliko kuongeza wati elfu moja. Acha upenyo kidogo kwa ajili ya hewa ya kupumua, na usizibe kabisa chumba ambacho kina jiko la gesi, la mafuta ya taa au la mkaa. Chumba cha kulala cha kawaida kilicho na dari na madirisha yanayofunga kitatoshelezwa na wati 1,000 hadi 1,500 katika miji yetu ya baridi. Sebule kubwa iliyoungana na jiko na korido haitatoshelezwa na hita moja ya aina hii, na ni afadhali kuacha kujaribu.

Baada ya chumba inakuja soketi, na hapa sipendi kupita haraka kwa sababu hatari kubwa ya hita hizi haimo kwenye mafuta, imo kwenye nyaya za nyumba. Plagi ya pini tatu tunayotumia Tanzania, Kenya na Uganda imetengenezwa kwa ampea 13, ambazo kwa volti 230 ni karibu wati 3,000. Hita ya wati 2,000 huvuta karibu ampea 9, ya wati 2,500 karibu ampea 11, na tofauti na birika la umeme linalovuta kiasi hicho kwa dakika chache, hita huvuta kwa saa nyingi. Soketi iliyolegea, waya mwembamba uliounganishwa na fundi kutoka kwenye laini ya taa, au ekstensheni ya bei rahisi yenye matundu manne ambayo tayari inabeba friji na televisheni, vyote vinaweza kuvumilia birika na visivumilie hita. Ichomeke hita moja kwa moja ukutani, na isishiriki soketi na kitu kingine.

Baada ya saa moja ya kwanza, zima hita kwa swichi ya ukutani na uguse mgongo wa plagi kwa kidole. Uvuguvugu ni wa kawaida. Ikiwa ni ya moto kiasi cha kukufanya uondoe kidole, au ukiichomoa ukakuta pini moja imebadilika rangi na soketi ina harufu ya plastiki iliyoungua, tatizo lipo kwenye soketi au kwenye mshikamano wa nyaya, na kuongeza fyuzi kubwa au kuzungushia msumari badala ya fyuzi ni kuisogeza hatari hiyo mpaka ndani ya ukuta. Mwite fundi umeme aangalie iwapo laini ya soketi ina waya wa milimita za mraba 2.5, na iwapo waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, umefungwa kweli, kwa kuwa hita ni chuma kitupu ambacho mtu hukigusa.

Volti yenyewe nayo ina neno. Katika mitaa ambayo umeme huwa mdogo jioni, watu hulalamika kwamba hita mpya ni feki kwa sababu haipashi. Nguvu ya koili hushuka kwa kasi kuliko volti: umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 180, hita ya wati 2,000 itatoa karibu wati 1,200 tu. Haiharibiki, na mita nayo itahesabu umeme mdogo huo, ila chumba kitachelewa kupata joto. Kinyume chake ni hatari. Hita iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani imetengenezwa kwa volti 120, na ikichomekwa kwenye volti 230 kwa kubadilisha plagi tu, ile ya wati 1,500 itajaribu kuvuta zaidi ya wati 5,000 kabla haijaungua. Hita kutoka Uingereza au Dubai haina tatizo hilo.

Vitufe vya hita za kawaida ni vichache. Kuna swichi mbili za nguvu, ambazo kwenye hita ya wati 2,000 mara nyingi ni 800 na 1,200, na zikiwashwa pamoja unapata zote. Kuna pia kitufe cha kuzungusha chenye namba kuanzia moja hadi sita, na watu wengi hudhani namba hizo ni za nguvu. Ni za themostati, na wala si nyuzi za joto. Namna ya kuitumia ni kuizungusha hadi mwisho, kusubiri mpaka chumba kiwe kama unavyotaka, kisha kuirudisha taratibu hadi usikie mlio mdogo wa kukata na taa izimike. Iache hapo. Kutoka dakika hiyo hita itajiwasha na kujizima yenyewe kulinda joto hilo. Ukitaka kujua inakula kiasi gani nyumbani kwako, usitegemee makadirio yangu wala ya mtu mwingine: andika uniti zilizobaki kwenye mita saa mbili usiku, andika tena saa nne, na katika tofauti yake upunguze umeme wa vitu vingine vilivyokuwa vinawaka.

Sasa suala la hewa. Kwa kuwa hakuna moto, hita ya mafuta haitumii oksijeni na haitoi moshi wala gesi yoyote. Harufu inayotoka siku za mwanzo ni ya rangi na vumbi linalopata joto. Fungua dirisha, iwashe kwa nguvu zote kwa muda, na harufu itakwisha. Haiondoi maji hewani pia, ingawa hewa ikipata joto hukausha midomo na koo zaidi, na wanaoweka bakuli la maji chumbani hawakosei mradi bakuli liwe mbali na plagi.

Jiko la mkaa ni jambo lingine kabisa. Mkaa unaofukuta bila moshi hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala haamki kukohoa, anaendelea kulala. Kila msimu wa baridi kuna familia inayokutwa asubuhi imekufa hivyo, na mara nyingi jiko liliingizwa baada ya mkaa kukolea na moshi kwisha, kwa kuamini kwamba sasa ni salama. Mkaa uliokolea ndio wenye gesi hiyo, na kitunguu au bakuli la maji kando ya jiko havifanyi chochote. Ikiwa kuna sababu moja ya kutumia fedha kununua hita kwa ajili ya mama mjamzito, mtoto mchanga au bibi anayeishi milimani, ni hiyo.

Usalama wa hita ya mafuta hauna maana kwamba haiunguzi. Uso wake hauwaki wekundu, lakini unaweza kumuunguza mtoto anayejifunza kusimama kwa kushika vitu, na katika mvua za kipupwe kishawishi cha kutandaza nepi na sare za shule juu ya mapezi ni kikubwa. Usifanye hivyo. Nguo huzuia joto kutoka, kinga ya ndani hukata umeme, na isipokata, nguo huungua. Isimame wima, mita moja kutoka kitandani na kwenye pazia, isiingizwe bafuni, na isiwashwe ikiwa imelala ubavu, kwa sababu koili iliyo chini inatakiwa kufunikwa na mafuta wakati wote. Ikiwa ilisafirishwa imelazwa, isimamishe kwa muda ndipo uiwashe. Kwa kulala, washa saa moja kabla, kisha uzime au uishushe hadi nguvu ndogo, na joto lililobaki kwenye mafuta litakusindikiza usingizini. Umeme ukikatika, zima swichi, kwa sababu hita yenye kitufe cha kuzungusha itajiwasha yenyewe umeme ukirudi hata kama nyumbani hakuna mtu.

Unaponunua, hasa kwenye maduka ya mitumba, omba iwashwe mbele yako na usiridhike na taa yake. Subiri mabamba yapate joto. Inamishe kidogo uone kama swichi ya kuanguka, ikiwa inayo, inakata umeme. Pitisha kidole kwenye viungio vya chini vya mapezi, kisha angalia sakafu ilipokuwa imesimama. Ukikuta unyevu wa mafuta, usinunue, hata muuzaji akiahidi kwamba itazibwa kwa gundi ya chuma, kwa kuwa kiwandani huachwa nafasi iliyopimwa ndani ya mapezi ili mafuta yapate pa kutanukia, na fundi wa mtaani hana njia ya kujua ni mafuta kiasi gani yamekwisha kutoka wala kama koili bado imefunikwa.